Kumtunza Mzazi Aliyepotewa na Kumbukumbu

Mwezi hata mwezi twazungumza nawe hapa habari za mbegu, za maji na za wadudu waharibifu. Mwezi huu nataka tuzungumze jambo lisilopandwa wala kuvunwa, lakini limo katika nyumba nyingi za mashamba yetu kando ya Mto Tana, nalo lala nguvu za watu kuliko magugu. Ni habari ya mzazi ambaye akili yake imeanza kusahau.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kabla ya ukarani nilisomea ualimu. Mimi si mganga. Haya nitakayokueleza nimeyapata kwa njia mbili: kwa kuwauliza madaktari na wauguzi, na kwa kumtunza baba yangu mzazi.

USIKU WA LANGO LA MFEREJI

Baba yangu alikuwa mfugaji. Ukame wa mwaka 1984 ulimwachia ng'ombe wanne tu katika kundi lake lote. Baadaye akaja mtoni, akapewa sehemu katika shamba la kikundi, akajifunza ukulima akiwa mtu mzima. Alipanda maembe, ndizi na mahindi, akawa hodari. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeshika zamu ya maji. Hakuwa na saa wala daftari, lakini alijua ni zamu ya nani na mfereji ufungwe wakati gani, na watu wote walimwamini.

Miaka mitatu iliyopita aliondoka kitandani usiku wa manane, akaenda kulifungua lango la mfereji. Haikuwa zamu yetu. Maji yaliingia katika shamba la jirani lililokuwa na vitunguu vilivyokaribia kung'olewa, yakasimama humo hata alfajiri. Sehemu kubwa ya vitunguu hivyo ilioza.

Asubuhi kamati ya shamba ilikutana chini ya mti. Baba aliulizwa. Akasema kwa utulivu kabisa kwamba hakutoka nyumbani usiku ule. Viatu vyake vilikuwa vimejaa matope. Watu wakatazamana. Nami, mwanawe, niliona aibu, nikamwambia mbele ya wazee wenzake, "Aabo, acha uongo."

Ndugu msomaji, hakuwa akisema uongo. Usiku ule ulikuwa umefutika katika akili yake kama maandishi ya chaki ubaoni. Nilikuja kuelewa hayo miezi sita baadaye, katika chumba cha daktari. Neno nililomwambia yeye alilisahau siku ile ile. Mimi silisahau.

UGONJWA HUU NI NINI

Madaktari huuita dimensia. Sisi tutauita ugonjwa wa kusahau. Katika Kisomali wazee wetu husema mtu ameingiwa na asaasaq. Jina lipo tangu zamani, na hilo laonyesha kwamba jambo lenyewe si geni kwetu. Lakini wengi wetu twadhani ni uzee tu. Sivyo. Kila mzee hupungukiwa kidogo na kumbukumbu. Aweza kusahau mahali alipoweka bakora yake. Mwenye ugonjwa huu aweza kuishika bakora mkononi asijue ni ya kazi gani.

Ni ugonjwa wa ubongo. Aina iliyo nyingi zaidi huitwa Alzheimer, kwa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mbele ya wenzake mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, kama inavyotokea kwa mtu aliyepata kiharusi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na ugonjwa huu ulimwenguni, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wamo katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Basi usifikiri kwamba nyumba yako peke yake imepatwa.

Ugonjwa huu si laana, si jini, wala si uchawi. Nasema hivi kwa sababu ujinga wa jambo hili umewaua watu katika nchi yetu. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa moto kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Katika Kaunti ya Kilifi, jirani na Tana River, wazee wengi wameuawa kwa shutuma za namna hiyo. Mzee anayetembea usiku, anayesema maneno yasiyoeleweka, anayeingia katika ua usio wake, huyo ni mtu wa kurudishwa nyumbani kwa upole.

DALILI ZA KUANGALIA

Yafaa uziangalie dalili hizi mapema, kama unavyoangalia majani ya nyanya kabla ugonjwa haujaenea:

1. Auliza jambo lile lile mara nyingi, na jibu halikai.
2. Apotea katika njia aliyoipita miaka yote.
3. Kazi aliyoizoea yamshinda: kuhesabu fedha, kufunga pampu, kupika chai.
4. Asahau majina ya vitu vya kawaida, au majina ya watoto wake.
5. Tabia yabadilika: mpole awa mkali, mcheshi awa mnyamavu, na pengine awashuku watu wa nyumbani kwamba wamemwibia.
6. Mambo ya jana hayajui, lakini ya ujanani ayaeleza vizuri sana.

Dalili hii ya sita ndiyo huwapoteza watu. Baba yangu aweza kukutajia visima vyote vya njia ya kwenda Wajir na rangi ya kila ng'ombe aliyekuwa naye. Kwa hiyo tulisema, "Akili yake ni nzima, ni ukaidi tu." Kumbe kumbukumbu za zamani hukaa ndani zaidi, nazo huchelewa kuondoka.

KWANZA NENDA HOSPITALI

Usiamue wewe mwenyewe kwamba mzee ana dimensia. Yako mambo mengine yanayofanana nayo na ambayo hutibika: malaria, ugonjwa wa mkojo, upungufu wa maji mwilini kwa joto letu hili, sukari iliyopanda au kushuka, upungufu wa damu, huzuni kubwa, na hata dawa asizopatana nazo. Pengine mzee hajibu maswali kwa sababu masikio hayasikii, au hawatambui watu kwa sababu ya mtoto wa jicho.

Shika neno hili: akili ikichafuka ghafula, kwa siku moja au mbili, usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dimensia ya kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka.

Anza katika zahanati iliyo karibu, au mwulize mhudumu wa afya wa kijiji. Ikiwa yapasa, mtaelekezwa katika hospitali ya rufaa ya Kaunti mjini Garissa. Hakikisha mzee ameandikishwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Chukua dawa zake zote umwonyeshe daktari. Andika katika karatasi mambo uliyoyaona na tarehe zake, maana mzee mwenyewe atamwambia daktari kwamba hana neno.

Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haijapatikana. Ziko dawa zinazopunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa, na daktari ndiye wa kuzitoa. Jihadhari na yeyote anayekuuzia dawa ya kuponya kabisa. Wako waliouza mbuzi mmoja baada ya mwingine, na mzee akabaki vile vile.

KOSA LA MWALIMU

Nilipokuwa chuoni nilifundishwa kwamba mtoto akikosea, umsahihishe, akikosea tena, umsahihishe tena, mwishowe atajua. Nikaleta elimu hiyo kwa baba yangu. Akisema leo ni Ijumaa, nilimwambia ni Jumatatu. Akimwita mjukuu kwa jina la ndugu yake marehemu, nilimwambia, "Aabo, huyo alikufa zamani." Naye alilia kana kwamba ndiyo kwanza apate habari ya msiba. Kesho yake aliuliza tena, nami nikamjibu vile vile, akalia tena. Ndivyo nilivyomfiwisha ndugu yake mara nyingi.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenionya. Aliniambia kwamba mtoto husahihishwa kwa sababu ubongo wake unakua, nao hushika unachomfundisha. Ubongo wa mzee huyu haushiki tena. Hawezi kujifunza njia zenu mpya. Ninyi wa nyumbani, wenye akili nzima, ndio mnaopaswa kujifunza njia zake.

Basi tulijifunza. Kila jioni, jua likikaribia kutua, baba husimama nje na kusema ng'ombe hawajarudi. Ndio saa mfugaji anapotazama kundi lake. Zamani nilimwambia ng'ombe walikufa mwaka 1984, na ugomvi ukaanza. Sasa namwuliza, "Aabo, yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, alikuwa wa nani?" Anaanza kusimulia. Tunaketi, chai inakuja, na giza likiingia jambo lenyewe limepita.

Huku si kusema uongo. Namfuata pale alipo, kama unavyomfuata mtu gizani ili asianguke. Wako wazee wetu walioona vita vya mwaka 1963 hadi 1967 na taabu nyingine za jimbo hili. Mzee wa namna hiyo akishtuka kwa mlio wa gari au kwa kuona sare za askari, usimcheke wala usibishane naye. Mshike mkono, mwambie kwamba yuko nyumbani na wewe upo.

KUPANGA SIKU

Mwenye ugonjwa huu hutulia mambo yakienda kwa utaratibu ule ule. Aamke saa ile ile, ale saa ile ile, aketi mahali pale pale. Sema maneno machache, jambo moja kwa wakati mmoja. Usimwulize, "Wataka uji, chai au maziwa?" Mpe kikombe na useme, "Kunywa, Aabo."

Mpe maji mara kwa mara bila kungoja aombe. Katika joto la Garissa mzee asiyekumbuka kiu hukauka upesi, na akikauka akili huzidi kuvurugika. Asitafune miraa jioni, maana humnyima usingizi na kupandisha shinikizo la damu.

Mpe kazi. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote hafurahi kukaa bure. Baba yangu husokota kamba na kupukuchua mahindi. Kamba nyingine haifai, lakini hatuifumui mbele yake.

Katika kuoga, linda heshima yake. Kwetu mwana wa kiume humwosha baba, na binti humwosha mama. Andaa maji kabla hujamwita, mfunike kwa kikoi, na umwambie kila unalotaka kufanya. Akikataa, ngoja nusu saa. Mara nyingi atakuwa amesahau kwamba alikataa.

Kwa sisi Waislamu, mzee aweza kusali adhuhuri mara tatu, au kutaka kufunga hali mwili hauwezi. Usigombane naye. Dini haimtwiki mzigo mtu aliyeondokewa na akili. Mwulize sheikh wako habari ya Ramadhani mapema kabla mwezi haujaandama.

HATARI ZA SHAMBA NA ZA MTO

Shamba letu lina hatari nyingi kwa mtu aliyesahau. Weka dawa za kunyunyizia katika sanduku lenye kufuli, wala usizitie kamwe katika chupa za soda au za maji. Panga, jembe na petroli ya pampu visiachwe ovyo. Jiko lisibaki na moto mzee akiwa peke yake. Lango la mfereji liwe na kufuli. Kamati yetu ilitia kufuli baada ya hasara ile, na ufunguo hukaa kwa mwenye zamu.

Wazee wengi wenye ugonjwa huu huondoka na kupotea. Usimfunge mzee kwa kamba wala mnyororo. Ni ukatili, tena huzidisha ukali wake. Fanya hivi:

1. Shona namba ya simu ya nyumbani ndani ya kanzu au shati lake.
2. Waarifu majirani, wachunga mbuzi, waendesha bodaboda na watoto wa madrasa: wakimwona peke yake, wamrudishe kwa upole.
3. Jua alama ya kiatu chake. Watu wetu ni hodari wa kufuata nyayo. Lakini hawawezi kufuata unyayo usioujua wewe mwenyewe.
4. Akipotea, usingoje. Piga simu kwa majirani, kwa chifu na kwa polisi mara moja.
5. Tafuta kwanza mtoni na katika mifereji, kwa ajili ya maji na mamba. Kisha tafuta vichaka vya mathenge. Kisha fuata njia ya mahali alipoishi au alipochunga zamani, maana mara nyingi ndiko aendako.

Na mafuriko yakija, kama yalivyokuja Novemba 2023 na tena Aprili 2024, mzee awe wa kwanza kuhamishwa. Chukua mkeka wake, kikombe chake na blanketi lake. Katika mahali pageni vitu hivyo ndivyo vitakavyomwambia kwamba yuko na watu wake.

HABARI YA SHAMBA NA FEDHA

Mzee aliyeanza kusahau aweza kutia dole gumba katika karatasi yoyote anayopewa. Aweza kukodisha shamba moja kwa watu wawili, au kumpa mpita njia namba yake ya siri ya simu. Kwa hiyo, dalili za kwanza zikionekana, hali akili bado inaelewa, kaeni pamoja jamaa wote. Mwulizeni mwenyewe anataka nani asimamie shamba na fedha zake. Andikeni mbele ya mashahidi, na ijulisheni kamati ya shamba. Likiwa zito, liendeni kwa Kadhi au kwa mahakama. Jambo hili lifanywe wazi, isije mtoto mmoja akasemwa kwamba amemla baba yake angali hai.

Mzee aliyetimiza miaka 70 aweza kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao hutoa Sh. 2,000 kwa mwezi. Mwulize chifu habari ya kuandikisha, na namna mtu wa nyumbani anavyoweza kumsaidia mzee kuzipokea. Fedha hizo ni zake: ziwe za maziwa yake, sabuni yake na dawa zake. Tena ujue kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na Serikali.

MZIGO UWE WA ZAMU

Sasa nasema nawe uliye mwanamume mwenye nyumba. Shirika la Afya Duniani limeona kwamba watu wanaowatunza jamaa zao wenye dimensia hutumia kwa wastani saa tano kila siku katika kazi hiyo, na kwamba katika kila saa mia za utunzaji, sabini ni za wanawake. Katika nyumba yetu ilikuwa hivyo hivyo. Dada yangu alimtunza baba mchana na usiku kwa mwaka mzima, nami nilikuja jioni kutoa amri. Siku moja nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba, analia. Aliniambia, "Maji tunagawana kwa zamu. Mbona baba ni wangu peke yangu?"

Sikuwa na jibu. Tuliketi ndugu wote, tukapanga zamu kama ya maji. Dada ana siku zake. Ndugu yangu wa mjini huja Ijumaa na Jumamosi. Huyo wa Nairobi hutuma fedha za dawa kila mwezi. Usiku wa katikati ya juma ni wangu. Jirani mmoja mzee huja kuongea naye Jumanne baada ya alasiri, na msaada wake si mdogo. Mkono mmoja haulei mwana, wala haumlei mzee.

Anayetunza naye atazamwe. Akikosa usingizi, akiwa mkali, akiisha kukonda, mpumzishe kabla hajaanguka. Si dhambi kuchoka. Ukihisi hasira imepanda, hakikisha mzee yuko salama, kisha toka nje uzunguke nyumba mara moja, urudi.

JILINDE NAWE

Ugonjwa huu hauambukizi. Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la tiba la Lancet walisema kwamba karibu nusu ya dimensia ulimwenguni ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, lau mambo 14 yangeondolewa. Kati ya hayo ni shinikizo la damu, ugonjwa wa sukari, tumbaku, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, kuumia kichwa, na kukosa elimu utotoni. Basi pimwa shinikizo la damu, punguza sukari katika chai, vaa kofia ngumu juu ya pikipiki, na peleka watoto shule, wa kiume na wa kike.

NENO LA MWISHO

Jirani wa vitunguu tulimlipa kwa kazi za mikono na kwa mbegu za msimu uliofuata. Nilipojua habari ya ugonjwa nilirudi mbele ya kamati, nikawaambia wazee kwamba baba yangu hakuwa mwongo, na kwamba mimi ndiye niliyesema nisiyoyajua. Jirani yule alikuwa wa kwanza kuinuka kunipa mkono.

Sasa kila asubuhi baba hutembea kando ya mfereji pamoja na mjukuu, bakora mkononi, akikagua maji. Wenye mashamba humwamkia, "Mzee, maji yanakwendaje?" Naye hujibu kwamba yanakwenda vizuri. Siku nyingine haniiti jina langu. Aniita kwa jina la ndugu yake. Nami naitika.

Ndugu mkulima, kama yuko mzee wa namna hii katika nyumba yako au ya jirani, usingoje mkutano wala semina. Anza leo kwa mambo matatu: mpeleke akapimwe, shona namba ya simu katika nguo yake, na waite ndugu zako mpange zamu.